Pimbi, Kiboko na Zamu ya Upepo

— Wenzangu, nina hadithi.
— Ilete tuionje.
— Niwape ya miguu au ya magurudumu?
— Ya magurudumu.
— Ya kweli au ya kutunga?
— Ikiwa tamu hatuulizi.
— Basi shikeni vizuri, naanza kukanyaga.

Kwanza nikiri jambo moja ambalo sijalipatia jibu hadi leo. Kila ajuaye kuendesha baiskeli alishikiwa kiti na mtu. Wewe ulishikiwa na kaka yako, yule alishikiwa na shangazi yake, akaambiwa, "Kanyaga, kanyaga, nimekushika," kumbe ameachiwa zamani. Sasa Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini asiyefika hata magotini kwa mbuzi, alishikiwa kiti na nani? Alikuja mjini peke yake. Tena baiskeli yake ilikuwa fupi mno, mtu mzima hawezi kuinama hadi kukifikia kiti chake. Nimeuliza mafundi, nimeuliza wazee. Mmoja aliniambia alijifunzia kwenye nyasi. Mwingine aliniambia nimwache mnyama wa watu. Nimemwacha. Alijua kuendesha, na hilo ndilo linalotuhusu.

Katika mji ule wanyama walikuwa na kundi lao la baiskeli, wakaliita Msafara wa Jumamosi. Halikuwa na ofisi wala kadi. Ukifika asubuhi kwenye kipilefti cha sokoni, una baiskeli inayosimama ukikamata breki, wewe ni mwanachama. Swala alikuwa na baiskeli nyembamba ya mbio. Ngedere alikuwa na baiskeli isiyo na madigadi, alisema madigadi ni ya wanaoogopa matope. Fundi Kakakuona, aliyeziba pancha za mji mzima, alikuwa na baiskeli nyeusi ya zamani yenye keria pana, na juu ya keria hiyo alibeba sinia.

Sinia hilo ndilo lililokuwa roho ya msafara. Kila mmoja aliweka alichonacho: mihogo ya kuchoma, mahindi, chapati, ndizi, kashata. Wakishauzunguka mji, Fundi anabaki kipilefti na sinia, wengine wanashindana: kutoka hapo hadi tangi la maji kule kilimani, na kurudi. Njia ni yako, upite barabara kuu, upite vichochoroni, shauri lako. Wa kwanza kufika ndiye anayefungua sinia. Na huyohuyo ndiye mwenye neno: anaamua mambo ya Jumamosi ijayo, na hakuna wa kumpinga hadi ashindwe.

Barabarani, hata wakati wa kushindana, walikwenda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine. Wa mbele anakata upepo, wa nyuma wanapumzika. Kengele ikilia, ngriing, wa mbele anarudi nyuma, anayefuata anashika zamu. Swala alikata upepo. Ngedere alikata upepo. Hata Pimbi alikata upepo, ingawa upepo wenyewe ulimpita juu ya kichwa bila kumwona.

Kasoro Kiboko. Zamu ya Kiboko ikifika utasikia, "Jamani, mnyororo umelegea." Anarudi nyuma. Zamu ikizunguka tena utasikia, "Jamani, kiti kinanibana." Anarudi nyuma. Baiskeli yake ilikuwa imeungwa kwa mabomba ya maji, na mwili wake ulikuwa mpana kama geti la ghala, lakini alijificha nyuma ya Swala, mnyama ambaye angeweza kulala ndani ya mdomo wa Kiboko na mto akaweka. Kisha ukibaki mwendo mfupi kufika, mnyororo unakaza wenyewe. Anachomoka, nyang'a nyang'a nyang'a, anafika wa kwanza, anafungua sinia. Wenzake wakifika wanakuta maganda ya ndizi.

Sisemi alikuwa mbaya. Tumbo lile alizaliwa nalo, na huenda ukiwa na tumbo la namna ile, dunia nzima unaiona kama sinia. Lakini wenzake walirudi makwao na njaa.

Basi Jumamosi moja Kiboko alishinda tena, akafungua sinia, na mdomo ukiwa umejaa muhogo akatangaza:

"Kuanzia Jumamosi ijayo, mwenye gurudumu dogo kuliko sinia hili asije. Anatuchelewesha."

Wote wakalitazama gurudumu la Pimbi. Lilikuwa kama kifuniko cha sufuria.

Pimbi akajikuta ameishika kengele yake bila kuipiga. Siku sita za wiki aliishi kwenye ufa wa ukuta wa kiwanda kimoja, watu wakipita juu yake wakidhani ni panya. Jumamosi ndiyo siku pekee aliyoitwa kwa jina. "Pimbi, shika zamu." "Pimbi, tunza mstari." Maneno hayo alikuwa akirudi nayo nyumbani na kuishi nayo hadi Jumamosi nyingine. Ukimwondoa kwenye msafara, humwondolei baiskeli tu.

Akasogea mbele. "Mzee Kiboko, neno ni lako, sipingi. Naomba tushindane mimi na wewe, sasa hivi. Nikishindwa, baiskeli yangu naiacha hapa kwa Fundi, hamtaniona tena. Nikishinda, neno ni langu."

Kiboko akacheka hadi muhogo ukamtoka. "Wewe na mimi? Nikikufunika kwa sikio unapotea."

"Basi nitapotea vizuri."

Ngedere akamvuta pembeni. "Pimbi, ndugu yangu, umekula nini leo? Ah, samahani. Hakuna aliyekula."

"Niache, Ngedere."

"Nakuacha. Ila ukishindwa, ile kengele unipe mimi."

Fundi Kakakuona akachora mstari wa chaki kwenye lami. "Mnakwenda tangini, mnazunguka, mnarudi. Wa kwanza kuukanyaga mstari huu, neno ni lake. Nani anatangulia?"

"Atangulie mdogo wangu," akasema Kiboko, kwa kuwa alizoea kuwa na mgongo wa mtu mbele yake.

Pimbi akashuka kwenye baiskeli, akainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Sasa mtu niliyemwamkia hivi punde, nimtangulie? Watu watauliza nimelelewa wapi."

Waliosimama pembeni wakatikisa vichwa: kweli, huyu ana adabu. Na Kiboko alipenda kuheshimiwa, karibu sawa na alivyopenda mihogo. Akavimba, akajiweka sawa, akatangulia.

Nyang'a nyang'a nyang'a, Kiboko. Tiki tiki tiki tiki, Pimbi, nyuma yake kabisa, pua ikikaribia kugusa keria. Upepo ulikuwa ukivuma, vuuu, ukirusha mifuko na vumbi huku na huku. Lakini pale alipokuwa Pimbi palikuwa pametulia kama uani kwa mtu. Ilikuwa kama kuendesha baiskeli nyuma ya nyumba inayotembea.

Walipofika kona ya kwanza, Kiboko akataka kujua yule mdogo amemwacha wapi. Akaangalia kulia, hakuona mtu. Akaangalia kushoto, hakuona mtu. Nyuma hakuangalia, kwani Kiboko hana shingo. Akitaka kuangalia nyuma inabidi ageuke na baiskeli nzima. Akatega sikio, akasikia mnyororo wake na pumzi zake mwenyewe, puh, puh.

"Amepita kichochoroni," akasema. "Yuko mbele."

Akakanyaga.

Chini ya kilima alikaa Mama Kanga, yule ndege wa madoadoa, akiuza uji. Kiboko akampigia kelele akiwa bado mbali. "Mama Kanga, Pimbi umemwona?"

"Namwona," akasema Mama Kanga, akikoroga.

"Amechoka?"

"Hata. Anaimba."

"Anaimba?"

"Anaimba, baba. Wewe tu ndiye unayetoka jasho."

Kiboko akaangalia kulia, hakuona mtu. Akaangalia kushoto, hakuona mtu. "Yuko mbele," akasema, "tena anaimba." Akakanyaga. Nyang'a nyang'a nyang'a. Tiki tiki tiki tiki.

Wakapanda kilima. Wakalizunguka tangi. Kiboko alipozunguka, Pimbi alizunguka. Alipoyumba kulia, Pimbi aliyumba kulia. Aliposita, Pimbi alishika breki kidogo asije akamgonga. Juu kule Kiboko akaitazama barabara yote ya kurudi, nyeupe na tupu hadi sokoni, hakuna Pimbi.

"Ameshashuka," akasema. "Miguu gani hiyo, jamani."

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akakanyaga.

Sasa upepo uligeuka, ukawa unatoka sokoni, unawapiga usoni. Nasema unawapiga, kumbe ulimpiga mmoja tu. Kiboko aliinamisha kichwa. Masikio yake madogo yakalala nyuma. Mgongo ule, ambao Pimbi aliuona Jumamosi zote kwa mbali tu ukichomoka kwenda kwenye sinia, leo aliuona kwa karibu, akaona unavyotetemeka. Ikamjia kwamba Kiboko hajawahi kukutana na upepo huu. Miaka yote hiyo msafarani, na leo ndiyo mara ya kwanza.

Pimbi akamhurumia kidogo. Akafungua mdomo amwambie, mzee, niko hapa nyuma, pumzika. Kisha akakumbuka ule ufa wa ukuta wa kiwanda, na siku sita kugeuka saba. Akaufunga mdomo.

Puh. Puh. Puh. Nyang'a. Nyang'a. Baiskeli ya mabomba ikawa inakwenda kama inayosukumwa na mgonjwa. Kipilefti hicho. Mstari wa chaki huo. Kiboko akaangalia kulia, hakuona mtu.

Akaangalia kushoto, akaona sikio.

Baada ya sikio ikaja kengele, ngriing. Baada ya kengele likaja gurudumu kama kifuniko cha sufuria, tiki tiki tiki tiki tiki, na juu yake Pimbi, miguu mipya kabisa, kama aliyeamka sasa hivi. Kiboko akakaza, lakini hakikubaki cha kukaza. Pimbi akaukanyaga mstari. Kiboko akaukanyaga baadaye, akaangukia upande wa kulia, na baiskeli upande wa kushoto.

Watu wakasogea wamsikie atasema nini.

"Nilijua," akasema Kiboko, akihema. "Nilijua yuko mbele. Ningeongezewa barabara kidogo tu, ningemshika."

Ngedere akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Halafu upepo wa leo," akaendelea Kiboko. "Jamani, mmeuona upepo wa leo?"

Swala akamtazama, akamjibu polepole. "Upepo gani, mzee? Huu ndio wa kila Jumamosi."

"Huuhuu?"

"Huuhuu. Wala leo si mkali sana."

Kiboko akakaa palepale kwenye lami. Akamtazama Swala, ile miguu yake myembamba kama spoku, akamtazama Ngedere. Fundi akamletea maji ndoo nzima, akayanywa yote bila kusema neno, nasi tuliomfahamu tunajua jambo hilo halikuwa la kawaida.

"Pimbi," akasema Ngedere, "neno ni lako. Mfukuze. Leo hii, kabla hajapata nguvu ya kula."

"Afukuzwe," wakasema baadhi.

Pimbi akaipanda tena baiskeli yake, si kwa kwenda popote, ila alifikiri vizuri zaidi akiwa juu yake. Akawatazama. Wote walikuwa wakimtazama yeye, na wote walikuwa wakimwita kwa jina.

Hapo ndipo ninapoegesha, wenzangu. Pumzi yangu imeishia hapa. Mwenye pumzi zaidi akanyage mwenyewe. Na kwa kuwa kwetu hadithi isiyo na funzo hailazwi ndani, funzo lenyewe ni hili: watoto, msijifiche nyuma ya mtu hata siku moja. Mwenye kutaka kushinda akae mbele, ajikatie upepo wake mwenyewe, na asipoteze muda kuamkia wakubwa. Mmeona wenyewe ilivyomfaa Pimbi.

— Na Kiboko je? Iliamuliwa nini?

Iliamuliwa hivi, na aliyeamua ni Pimbi. Gurudumu la mtu lisipimwe tena. Sinia lisifunguliwe mpaka wa mwisho afike. Na Mzee Kiboko asifukuzwe, ila akae mbele ya msafara, akate upepo, kwenda na kurudi, kwa kuwa mji mzima hauna mgongo mwingine kama ule. Ngedere alinuna hadi Jumatano.

Na aliyetekeleza ni Kiboko mwenyewe. Jumamosi iliyofuata alifika kipilefti kabla ya wote, akasimama mwanzo wa mstari, akawaambia wenzake wajipange nyuma yake, wadogo wawe karibu. Kengele ya kubadilisha zamu ikalia. Hakurudi nyuma.