Mama Muuza Manjano na Unga Uliowaka

Mimi, wapendwa, shule niliiacha darasa la sita, au tuseme shule ndiyo iliyoniacha. Lakini hakuna profesa atakayewasimulia jambo hili akanizidi. Kaeni vizuri.

Alikuwapo mama mmoja aliyeuza manjano sokoni. Alichimba, akachemsha, akaanika, akasaga mwenyewe. Manjano safi, ila rangi yake imepooza. Wateja walinusa wakakunja uso: "Mama, haya ya mwaka juzi nini? Mbona yamefifia?" Wakahamia kwa jirani.

Siku moja fundi rangi akamwonyesha kopo la unga. Kopo dogo, lakini ukilinyanyua mkono unashuka! Ndani mna risasi, ndugu zangu, si ya bunduki, bali yale madini mazito yenye sumu, risasi iliyogeuzwa unga wa njano wa kupakia mageti. Haina harufu. Uichemshe kutwa nzima, haitoki. Kijiko kimoja tu, sinia zima linawaka kama jua linachomoza. Hata mimi, na maneno yangu yote haya, ningesimama pale mdomo wazi.

"Haina madhara?" mama akauliza.

"Mimi napaka milango, mama. Hakuna mlango uliowahi kulalamika."

Akachanganya. Soko zima likamhamia. Lakini ya nyumbani aliyaweka kando, kopo la manjano safi kwa ajili ya watu wake.

Mkwewe akajifungua. Mnazijua siku arobaini za mzazi: uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, na manjano ndani. Mama akamwambia, "Manjano yapo jikoni, mwanangu, tia ya kutosha." Hakusema yapi. Angesemaje yapi bila kusema kwa nini?

Siku ya arobaini akaingia kupika pilau la wageni. Kopo la manjano safi halipo.

"Lile kopo langu liko wapi?"

"Yale yaliyofifia? Niliwagawia majirani zamani, mama. Mimi nachota gunia lako la sokoni. Hebu nione nilivyonawiri!"

Kichanga kilikuwa kifuani kinanyonya, kimefumba macho.

Mama akamwambia: "Vaa viatu. Twende hospitali."

"Kuna nini? Nani anaumwa?"

Hapo ndipo ilipombidi aseme yote.

Naona mnanitazama, mnataka nimhukumu yule mama. Hapana, namwachia Mungu. Mimi nawauliza: wale wateja walikuwa nani? Si sisi? Alituletea kitu cha kweli, tukakipa kisogo. Akatupakia rangi, tukapanga foleni. Hata mahubiri tunayataka yang'ae. Mngenisikiliza leo kama nisingejisifu kidogo pale mwanzo?

Ndugu zangu, kweli ikija kwetu imepauka, tuipokee hivyohivyo. Tukiikataa, watakaoumia ni wale ambao hata meno hawajaota.