Saumu ya Hunayda

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, habari za mwanamke mcha Mungu aitwaye Lubaba, aliyeishi katika mji mmoja wa bonde la Hadhramaut pamoja na mumewe Abdulwarith, mkulima wa mitende. Mungu aliwaruzuku binti, Hunayda, na mwana mdogo, Dhakwani.

Mwezi wa Rajabu mvua ilinyesha milimani, na mafuriko yakashuka bondeni kwa ghafla, kama ilivyo kawaida ya nchi ile. Dhakwani alikuwa akicheza kwenye mkondo mkavu, dada yake akimwangalia. Lubaba alikuwa ametoa mikate tanuruni, akamwita Hunayda aje ale ingali moto. Binti alisita kumwacha mdogo wake, mama akasisitiza. Hunayda alikuwa na tonge mdomoni aliposikia maji yakinguruma. Dhakwani alipatikana kesho yake, akazikwa.

Abdulwarith alipouliza kwa nini mtoto aliachwa peke yake, Hunayda aliinamisha kichwa. Lubaba naye akanyamaza. Alimwogopa mumewe, na zaidi aliogopa kulisikia neno lile, kwamba yeye ndiye aliyemwita binti, likitoka katika kinywa chake mwenyewe. Tangu hapo jina la Dhakwani halikutajwa tena nyumbani, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake.

Haukupita muda, Hunayda akaanza kukataa chakula. Alisema amefunga. Kwanza zilikuwa Jumatatu na Alhamisi, kisha ikawa kila siku. Magharibi ilipoingia alifungua kwa maji na kipande cha tende, akasema ameshiba. Wazazi wake walidhani anafunga ili thawabu zimfikie ndugu yake. Majirani walisema nyumba ile imepata walii, mja wa karibu na Mungu, na wanawake wakaanza kuja na vyombo vya maji ili binti awasomee dua. Nyumba ya msiba ikawa nyumba ya baraka, na Lubaba, Mungu amsamehe, alifarijika.

Lakini siku moja alipokuwa akimsuka, nywele za Hunayda zilibaki vidoleni mwake. Alimshika mabega, akahisi mifupa mitupu. Kuanzia siku hiyo hofu haikumtoka. Mchana binti alipolala, Lubaba aliinama kusikiliza kama bado anapumua. Pengine pumzi ilichelewa, naye akaizuia yake mpaka aisikie ya mwanawe. Alimweleza mumewe, naye akamjibu kwamba afungaye kwa ajili ya Mola wake hadhuriki, asimkatishe mtoto ibada. Lubaba akalishikilia jibu hilo, kwa kuwa lilimpa sababu ya kuendelea kunyamaza.

Ramadhani ikaisha. Asubuhi ya Idi, siku ambayo kufunga ni haramu na ni sunna kula tende kabla ya kwenda kuswali, Lubaba alimpelekea binti yake sahani ya tende.

"Nimefunga, mama," alisema Hunayda.

"Leo ni Idi, mwanangu. Leo hafungi mtu."

Hunayda aliitazama sahani kama mtu aliyeona nyoka. Aliokota tende, akaifikisha mdomoni, ikamponyoka, ikaanguka. "Siwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Nikitia kitu mdomoni nayasikia yale maji."

Lubaba aliiweka sahani chini. Aliona kwamba haikuwa saumu hata siku moja, na kwamba mtoto wake wa pili anakwenda huku yeye akitazama.

Mlangoni wanawake walikuwa wamekwisha fika na vyombo vyao. Mmoja wao, Jumana, mwanamke mwenye maneno mengi, aliita, "Mama wa walii, mbona leo hatufunguliwi? Au baraka zimepanda bei?" Wenzake wakacheka.

Lubaba alifungua. Aliwaambia, "Binti yangu si walii. Anaumwa. Huzuni imemziba koo, nasi tukaiita ibada. Rudini na maji yenu, mtuombee."

Kicheko kilikatika. Wengine waliondoka wakinung'unika kwamba wamechezewa. Jumana alibaki, akaweka chombo chake chini. "Mimi nami nilizika mtoto," alisema. "Watu waliniletea vyakula, lakini hakuna aliyenitajia jina lake. Mtajeni Dhakwani, Lubaba. Msimwache binti huyu naye peke yake."

Abdulwarith aliporudi kutoka kuswali, Lubaba alimngojea ukumbini, Hunayda akiwa pembeni yake. Alijua huenda jioni hiyo akarudishwa kwao. Akamwita kwa jina ambalo hakuwa amemwita tangu msiba.

"Baba Dhakwani, mimi ndiye niliyemwita Hunayda aje kula. Hakutaka kumwacha mdogo wake. Mimi nilimlazimisha."

Abdulwarith akamgeukia binti yake, akamuuliza kwa nini hakusema.

"Niliogopa utamwacha mama," alijibu.

Yule baba aliketi chini, akafunika uso kwa kilemba chake, akalia. Baadaye alisema, "Yale maji aliyaleta Mungu. Hayakuletwa na mkate."

Lubaba akapika talbina, uji wa shayiri na maziwa ambao wafiwa hupikiwa. Hunayda alikunywa kidogo, akatapika. Tabibu waliyemwita aliwaonya wasimjaze kwa pupa. Basi wakawa wanaketi naye kila penye chakula. Hawakumgombeza wala kumsifu, bali walimzungumzia Dhakwani na utundu wake, jinsi alivyokuwa akificha viatu vya wageni. Zilikuwapo siku alizokula na siku alizogeuza uso ukutani, na siku hizo Lubaba alirudi kuinama na kusikiliza pumzi.

Ramadhani nyingine ilipoandama, Hunayda, akiwa bado dhaifu, aliomba afunge na wenzake.

"Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake, mwanangu," mama yake alimwambia. "Ichukue."

Wapita njia waliomwona akila mchana wakasema waliyosema. Adhuhuri, Lubaba, midomo yake imekauka kwa saumu, aliketi karibu na binti yake, akammegea mkate. Hunayda akaupokea, akatafuna polepole, akameza.

Enyi kina mama, tusifurahie upesi ukimya wa watoto wetu, hata ukija umevaa nguo za ibada. Tukae nao, tuwaulize, na tuwaambie ukweli hata kama unatutisha. Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji.