Somo wa Mtoto wa Riziki

Sogeeni wajukuu zangu, jamvi linatosha. Anayetafuna ameze kwanza. Nataka kimya, maana leo nyinyi ndio mahakimu.

Zahanati moja ng'ambo ya mto ilikuwa na wanawake watatu. Siwema, mfagiaji, alijaliwa masikio. Biubwa, muuguzi, alijaliwa mikono. Mwanakombo, muuza uji wa mlangoni, alijaliwa kifua chenye joto la mkate.

Asubuhi moja mama mmoja, Riziki, alileta kichanga chake cha kike cha siku tano. Kadi yake ikawekwa chini kabisa ya rundo, kwa kuwa kafika mwisho. Siwema akifagia chini ya benchi akasikia kitoto kinakoroma kwa shida kila kikitoa pumzi. Akaacha ufagio, akaichomoa kadi ile, akaiweka juu. Wanawake wa foleni wakamnunia, mmoja akauliza tangu lini ufagio umekuwa daktari.

Biubwa akakipokea. Mishipa ilikuwa imejificha kama uzi ndani ya pamba. Akatafuta mkononi, akatafuta mguuni, akapata mmoja kichwani. Dawa ikaingia.

Lakini kitoto kilikuwa baridi, na Riziki anatetemeka kwa homa, hawezi kukishika. Mwanakombo akaacha uji uungue, akakivua nguo, akakifunga kifuani ndani ya kanga, ngozi kwa ngozi, mpaka alasiri kilipoanza kunyonya.

Riziki akasema, "Kesho kutwa anapewa jina. Aliyemwokoa ndiye somo wake, waitwe jina moja."

Tangu hapo Siwema hakulala usingizi mzuri. Hana mtoto, wala hakuna kiumbe aliyeitwa Siwema kwa ajili yake. Biubwa ana akina Biubwa wadogo wanne mtaani. Wa tano wa nini? Na Mwanakombo huyo anazunguka anasema "mwanangu, mwanangu".

Siku ya saba, kwenye karamu ya jina, maneno yakawatoka. "Bila sikio langu mngemtibu nani?" Siwema aliuliza.

"Sikio halidungi sindano, shoga," akasema Biubwa.

"Na sindano haimpi mtu joto," akasema Mwanakombo. "Nyinyi mmempokezana tu. Mimi nimembeba."

Riziki akainamisha kichwa, kisha akataja jina moja. Wawili waliokosa hawakula pilau.

Baadaye zahanati ilirithi desturi ya Siwema: mtoto anayekoroma hapangi foleni. Wauguzi wapya walirithi mikono ya Biubwa. Kina mama wakarithi kanga ya Mwanakombo, wakajifunza kufunga vichanga kifuani.

Lakini jina silisemi. Je, wewe ungempa mtoto jina la nani?