Unyayo wa Fundi Wembe

Wahenga walinena: kinyozi hajinyoi. Wapo wanaodhani wahenga walikuwa wanawatania vinyozi tu, pengine siku hiyo hawakuwa na kazi nyingine. Sivyo. Walimaanisha kwamba mtu awe bingwa wa namna gani, yapo mambo ya mwili na nafsi yake ambayo mkono wake mwenyewe hauyawezi. Sharti amwachie mwenziwe. Asiyesadiki na asikilize habari za Fundi Wembe.

Fundi Wembe alikuwa kinyozi wa kona, mwembamba kama kichana, mwenye mkono mwepesi kama unyoya. Taulo zake zilichemshwa, nyembe zake zililala ndani ya spiriti, na mteja aliyeingia na kichwa kama kichaka alitoka aking'aa hata mkewe akamwamkia kama mgeni. Lakini fundi mwenyewe! Tangu mama watoto afariki, alijiachia kama nyumba isiyo na mwenyewe. Shati lake lilisahau pasi, ndevu zilijiotea zilikotaka, na chakula chake kilikuwa mkate na soda, akila wima kama aliyekatazwa kuketi. Alishinda mbele ya kioo kutwa nzima, ila alikuwa amejifunza kutazama kichwa cha mteja tu, asijione yeye aliyesimama nyuma yake.

"Fundi, mtu akikuona wewe kabla ya kukaa kitini, anaweza kughairi," dereva wa lori alimtania siku moja.

"Basi usinitazame. Kwani umekuja kuposa?" Wembe alijibu, na duka zima likaangua kicheko. Naye alicheka, lakini cha mdomoni, hakikufika moyoni.

Hakikupita kipindi kirefu akaanguka dukani, mkono ungali umeshika kichana. Binti yake wa pekee, aliyekuwa mpishi wa shule iliyo jirani, alimpeleka zahanati. Muuguzi alipompima alitikisa kichwa.

"Baba, sukari yako imepanda hadi inachungulia paa. Soda basi. Utembee kila asubuhi, unywe maji, ule kwa wakati, uvae viatu vya kufunika. Na hiyo miguu ioshwe kila jioni. Ugonjwa huu huzitia ganzi nyayo; mtu hukanyaga msumari asijue. Kwa hiyo mtu mwingine akukague chini. Si wewe."

"Nitamkagua mimi," binti alisema upesi.

Usilolijua ni kama usiku wa giza, na Fundi Wembe hakujua kwamba heshima inaweza kuanzia kwenye karai la maji. Aliaga soda kwa huzuni ya msibani. Alianza kuamka mapema, akatembea hadi darajani na kurudi kabla ya kufungua duka. Alinyoosha shati, akachonga ndevu, akang'arisha viatu. Asubuhi ya kwanza alipojiona kiooni alishtuka, akajiambia, "Karibu kiti, mzee." Vijana wa mtaani waliozoea kumwita "We Wembe!" wakaanza kumpa shikamoo, tena wakisimama. Hata yule dereva wa lori aliuliza, "Fundi, unaoa nini?" Mgongo wake ulinyooka. Binti alimtazama baba yake akikunja leso na kuitia mfukoni, machozi yakamlengalenga kwa furaha.

Lililobaki lilikuwa moja tu.

"Baba, lete miguu," binti alisema kila jioni, karai mkononi.

"Nimeshaiosha."

"Chini umeonaje?"

"Mimi ni kinyozi, mama. Kazi yangu ni kuwaonyesha watu visogo vyao. Nitashindwa kuuona unyayo wangu?"

Hakusema lililomkaa rohoni. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka kama tope la kiangazi, kucha zimejikunja na kuwa nyeusi. Aliona kwamba mwanawe akivishika, heshima yote aliyoikusanya asubuhi kwa asubuhi ingemwagwa pamoja na maji machafu. Binti naye alichelea kumvunjia baba yake heshima, akayachukua maji akaondoka.

Adhuhuri moja, duka likiwa tupu, alichukua kile kioo cha mkono cha kuonyeshea visogo, akautazama unyayo wake wa kulia. Aliona sugu, nene na ya manjano, chini ya kidole gumba. Alitabasamu. Mkono uliowanyoa watoto waliolala utashindwa na sugu? Akachomoa wembe mpya, akaanza kuichonga.

Basi elewa jambo hili: mkono wa kinyozi huongozwa na shingo ya mteja. Ngozi ikishtuka, wembe hurudi. Ndivyo Fundi Wembe alivyofanya kazi maisha yake yote. Siku hiyo unyayo haukushtuka. Akaendelea. Haukushtuka. Alipoona damu sakafuni alidhani ni kidogo tu. Akapaka poda, akabandika plasta, akavaa soksi safi na kiatu kinachong'aa. Kesho yake alitembea hadi darajani kama alivyoagizwa, akiitikia salamu kushoto na kulia, na kila hatua ikakichimba kidonda.

Siku chache baadaye harufu ikaingia dukani.

"Fundi, humu kuna panya amekufa," alisema dereva wa lori, nusu ya kichwa imenyolewa.

Wakamsaka panya. Kabati likavutwa, benchi likageuzwa, utani ukatembea. Hata kinyozi wa ng'ambo ya barabara, aliyeitwa Mashine kwa kuwa hakuwahi kuuamini wembe, alikuja kusaidia. Yeye peke yake ndiye aliyegundua kwamba panya huyo alimfuata Fundi kila alikokwenda.

"Kaka," alinong'ona, "vua kiatu."

"Vua chako kwanza tuone nani atabaki humu!" Wembe alisema kwa sauti. Watu wakacheka. Mashine hakucheka. Alitoka, akaenda moja kwa moja hadi jikoni mwa shule.

Binti alifika na aproni iliyolowa. Akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Si mbele za watu, mama," alimsihi.

Binti akageuka. "Jamani, tupisheni." Wakatoka, na dereva akatoka na nusu kichwa chake. Kiatu kikavuliwa. Soksi ikagoma kutoka. Ilipotoka, binti aliziba mdomo kwa aproni.

"Inauma, baba?"

"Hata kidogo," alijibu kwa fahari, kama anayetoa habari njema.

Hospitali ilifanya iliyoyaweza, nayo yalikuwa machache. Mguu ulikatwa chini ya goti. Kinyozi hufanya kazi kwa kukizunguka kichwa cha mteja, na mwenye magongo mawili hana mkono wa kushika wembe. Duka likafungwa, viti vikauzwa.

"Niliogopa utanidharau," alimwambia binti yake walipokuwa wameketi uani. "Visigino vile... mtu na mtoto wake..."

"Baba, mimi nasimama jikoni kutwa nzima. Vyangu umeviona? Tungeshindana, ningekushinda."

Alicheka. Kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, na binti akamwacha alie mpaka amalize.

Siku hizi Fundi Wembe bado hunyoosha shati lake na hunywa maji yake asubuhi. Hujikongoja hadi langoni, hapokei shikamoo nyingi kama zamani. Jioni ikifika, yeye ndiye anayeita: "Mama, njoo unikague." Jioni moja binti aliuosha ule mguu uliobaki, akaukausha katikati ya vidole, akaubonyeza unyayo kwa dole gumba.

"Hapo unasikia?"

"Gusa kwanza, basi."

"Nimeshagusa, baba."

Mzee akausogeza mguu taratibu, akauweka mapajani pa mwanawe, akamwachia aendelee. Hakika, kinyozi hajinyoi.