Mbuzi Mmoja, Sufuria Tatu

Sogeeni, maana hukumu ya jambo hili mtaitoa ninyi.

Wa kwanza kumwambia Siwatu habari ile alikuwa jirani yake, Bi Mwanahawa: kuna mashindano wilayani, na kikundi kitakachoonyesha dawa ya miti inayoua vijidudu vya meno kitapewa mbuzi wa maziwa. Siwatu akamtazama mwanawe akinywa chai ya rangi, sukari tele, na meno yake ya mbele yameshaanza kuwa meusi. Maziwa!

Bi Mwanahawa alijua mizizi. Mwalimu Leokadia wa sekondari alijua kuotesha vijidudu. Siwatu hakujua lolote. Alikuwa na jino bovu, na aibu ya kufungua mdomo. Wakaunda kikundi, wao watatu.

Bi Mwanahawa akaenda kutafuta mdaa, mti ambao mizizi yake hutumiwa kusafishia meno. Ulibaki mmoja tu, nyuma ya machinjio, penye matope ya damu na utumbo. Akazama hadi magotini, nzi wakimtambaa midomoni, akauchimba mzizi kwa mikono. Mbwa wakamfuata hadi mlangoni kwake.

Mwalimu naye akawaomba kina mama wa kijijini utando wa meno yao, kwa sharti wasipige mswaki siku hiyo. Lakini nani aende kwa mwalimu na mdomo mchafu? Wote walikuwa wamesugua kwa mkaa na chumvi! Visahani vya mwalimu vya kuoteshea vijidudu havikuota kitu.

“Jamani, si nilisema msisugue?”

“Mwalimu, sisi tumelelewa!”

Siwatu peke yake ndiye aliyetii. Alikuja amejiziba kwa kanga. Alipofungua mdomo, wenzake wakarudi nyuma.

“Mh! Humo kimefia nini?”

Wakacheka. Machozi yakamlenga, lakini hakuufunga mdomo mpaka mwalimu alipomaliza kukwangua ute wa manjano, pamoja na usaha.

Mwalimu akaupaka ute ule kwenye visahani vya rojo. Ukaota, ukateleza, ukanuka kama panya aliyeozea darini. Na mwalimu mwenyewe ni mjamzito! Kila akifunua, anatapika dirishani, anajifuta, anarudi. Mwishowe akaweka vikaratasi vilivyolowekwa kwenye maji meusi ya mdaa. Kuzunguka kila kikaratasi vijidudu vikafa, pakabaki duara safi.

Wakashinda. Mbuzi akaja, mmoja.

“Bila mzizi wangu mngepeleka nini, maji ya mtoni?” akauliza Bi Mwanahawa.

“Bibi, bila mimi ungebaki na chungu cha maji meusi,” akasema mwalimu.

Siwatu akasema ndani ya kanga, “Na bila uvundo wangu, mngeua nini?”

Mwenyekiti wa kijiji akamfunga mbuzi uani kwake. “Kesho nitaamua.”

Asubuhi yake Siwatu alipiga mswaki, akatema damu, akambeba mwanawe mgongoni na kuchukua sufuria. Akawakuta wenzake wameshafika, kila mmoja na sufuria yake. Mbuzi analia, kiwele kimejaa. Mwenyekiti ameshika kamba, anawatazama.

Je, kamba ile ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?