Kwa Nini Sindano ya Dira Hutetemeka

Funguo ziwekeni hapo kizingitini, na simu zenu pia. Siwafukuzi, nawakaribisha, lakini chuma hakiingii chumba hiki, na mwenye kisu kiunoni atasikilizia barazani. Haya, kaeni. Bwana Hemedi huyu amekuja asubuhi na dira ya babu yake, uso ameukunja, anasema imeharibika kwa sababu sindano hutetemeka kila afunguapo kifuniko. Anataka niikaze itulie. Nimemwambia anywe kahawa kwanza, maana jibu lake ni refu nami sipendi kusema jambo nusunusu. Baba yangu alikuwa fundi wa dira, na baba yake vivyo hivyo, na kisa hiki nimekirithi pamoja na vyombo hivi mnavyoviona ukutani.

Ulikuwepo wakati ambapo sindano ya dira haikutetemeka. Fundi aliifua, akaisugua kwa jiwe la sumaku, akaiweka juu ya ncha yake, nayo ikaelekea kaskazini papo hapo na kutulia, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwao. Watu wa zama hizo walisema sindano haiwezi kusema uongo, kwa sababu mwongo hujulikana kwa kubabaika, na sindano haikubabaika hata siku moja. Basi manahodha wakaanza kubweteka. Rangi ya maji hawakuitazama tena, ndege wa pwani hawakuwajali, nyota wakawaachia watunga mashairi. Ya nini mtu ahangaike kunusa upepo wakati shahidi wake yumo sandukuni?

Katika zama hizo, mji wa Shungwe ulikuwa na fundi aliyeitwa Mcha, na hakuna aliyemfikia kwa dira. Alilijua hilo, na alilijua mno. Alikuwa na binti mmoja tu, Time, aliyekulia karakanani mwake akimpulizia mkaa na kumpangia vyuma, mpaka akaweza kutambua madini kwa mlio wake tu. Time alipoposwa na Nahodha Shaame wa kisiwa cha ng'ambo, Fundi Mcha alitangaza barazani kwamba mkwewe atapewa dira ambayo macho ya watu hayajapata kuiona.

Akaitengenezea sanduku la mninga, akalinakshi maua pande zote. Hapo moyo wake ukamtuma afanye jambo ambalo hakuna fundi wa dira aliyewahi kulifanya. Alitaka sanduku lile lifanane na kasha la bibi harusi, na kasha la bibi harusi halikamiliki bila kitasa. Akaagiza kitasa cha shaba. Mfua shaba akashikwa na homa, siku ya harusi ikawadia, na kitasa hakipo. Fundi Mcha akang'oa kitasa cha chuma kwenye mlango mkuukuu, akakivika bati jembamba la shaba, akakisugua mpaka kikang'aa. Kwa macho, usingekitofautisha na shaba tupu.

Alipokipigilia kwenye uso wa sanduku, sindano iligeuka, ikakielekea kitasa, ikatulia tuli. Fundi aliliona. Nawaambia aliliona, wala msimtetee. Lakini nje ngoma zilikuwa zinalia, watu wanamwita akapokee wakwe, naye akajiambia kwamba labda sanduku limegeuka wakati wa kupigilia, na kwamba sindano haiwezi kusema uongo. Akafunga kifuniko, akavaa joho lake, akatoka kwenda kupongezwa.

Mafundi wa Shungwe walikuwa na desturi moja: dira mpya haikuondoka mjini bila aliyeiunda kusafiri nayo mara ya kwanza. Kwa hiyo jahazi la Nahodha Shaame liling'oa nanga asubuhi likiwa na bibi harusi, akina mama wanaomsindikiza, mabaharia, na Fundi Mcha ameketi karibu na usukani akisifiwa. Mbingu zilikuwa za masika. Jua halikuonekana, na baada ya muda mvua nyembamba ikashuka, ikaufunika mji nyuma yao na kisiwa mbele yao. Hakuna aliyejali. Sanduku lilikuwa limefungwa imara mbele ya mshika usukani, na sindano imetulia.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo hatari ilipo. Sindano ilikuwa imeng'ang'ania kitasa, kitasa kimeshika sanduku, na sanduku limefungwa chomboni. Chombo kikigeuka, vyote viligeuka pamoja. Mshika usukani aliitazama sindano akaona anakwenda sawa, na hata mkondo ulipokisukuma chombo kikaanza kuelekea kusini, bado aliona anakwenda sawa. Tanga lilipoanza kupigapiga, mabaharia walisema upepo umegeuka. Walilipanga upya tanga wakaendelea, na Nahodha Shaame akasema hajapata kuona dira tulivu namna ile.

Fundi Mcha alicheka pamoja nao. Kisha gogo kubwa likatokea mbele, likielea, na mshika usukani akakipindisha chombo kwa nguvu kulikwepa. Kila mtu alilitazama gogo. Fundi peke yake aliitazama sindano, kwa vile hata katika hofu fundi hutazama kazi yake. Chombo kizima kilikuwa kimegeuka, na sindano haikusogea hata unywele. Kicheko kikamkauka kinywani.

Wakati huo Time alikuja na kahawa ya mumewe. Alipoinama kuiweka, pete yake ya fedha ikagonga kitasa. Mlio ulikuwa mfupi na mzito, na shaba hailii hivyo. Time akakigonga tena, safari hii kwa makusudi, polepole. Akainua macho akamtazama baba yake, na baba yake akamtazama. Wote wawili walijua. Lakini binti hamwaibishi mzazi wake mbele ya mume, tena siku ya kwanza ya ndoa, kwa hiyo Time aliinamisha kichwa, akajikaza, akakaa palepale kando ya sanduku. Mikono yake aliificha ndani ya kanga ili isionekane inavyofumbatana.

Nanyi mwaujua ukwe ulivyo. Mtu yuko tayari kufa njaa kuliko kuomba chumvi kwa mkwewe. Fundi Mcha aliuma midomo. Alijiambia mvua itakatika, jua litatoka, nahodha atajionea mwenyewe na kulaumu mkondo. Alijiambia labda kisiwa kiko karibu. Mwanawe alikuwa amekaa hatua chache kutoka kwake, akimngojea, naye alikuwa bado anazitafutia shingo yake na heshima yake mahali pa kujificha. Mimi kila nikifika hapa humkasirikia mzee huyu, ingawa ni damu yangu.

Ndipo ngoma zikasikika. Zilitoka ndani ya mvua, mbele yao, nzito na za taratibu. Akina mama wakashangilia wakasema wakwe wamekuja ufuoni kuwalaki, na mmoja akaanza wimbo wa kumsifu bibi harusi, wengine wakaitikia kwa vigelegele. Nahodha Shaame akatabasamu, akaamuru chombo kielekezwe kwenye ngoma.

Fundi Mcha alitega sikio. Ngoma ya harusi ina mpigaji, na mpigaji huchoka, hubadili, hutia madoido. Hii haikuwa na madoido. Ilikuwa bahari inavunjika juu ya mwamba wa kusini, ule ambao mabaharia huupitia mbali hata mchana mweupe. Akasimama.

"Nahodha," alisema, "dira hii inasema uongo. Mimi ndiye niliyeifundisha."

Vigelegele vikakatika. Nahodha Shaame alimtazama mkwewe kwa huruma, akidhani bahari imemlevya, akamwomba kwa adabu aketi. Akamwonyesha sindano. "Baba, itazame ilivyotulia. Mwongo hutulia hivi?"

Mzee akamwambia kitasa ni cha chuma, na kwamba alikivika shaba ili apate sifa. Akalisema mbele ya mabaharia, mbele ya akina mama, mbele ya mkwewe. Bado nahodha alisita. Tangu utoto wake alikuwa amefunzwa kuiamini sindano kuliko mtu, na mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa anababaika kwa kila neno. Hapo Time aliondoa kanga usoni. "Mume wangu," alisema, "baba yangu hajawahi kujishusha mbele ya mtu. Leo amejishusha. Mwamini."

Fundi hakungoja jibu. Alikipiga kioo cha dira kwa kiganja, kikavunjika, akaichomoa sindano kwa vidole vilivyochanika. Akawaomba mabaharia wapeleke visu vyao vyote omo, mbele kabisa ya chombo, mbali naye. Time akateka maji kwenye kifuu cha nazi, akakishika kwa mikono miwili, na baba yake akailaza sindano juu ya kibanzi cha mti mwepesi ndani ya maji yale. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kwa hofu na kwa aibu, na hakuweza kuuzuia. Ule mtetemo ukapita vidoleni, ukaingia ndani ya sindano.

Kwa mara ya kwanza tangu dira iumbwe, sindano haikujibu papo hapo. Iliyumba kulia. Ikarudi kushoto. Ikatetemeka kama mtu anayekumbuka jambo zito na hataki kulikosea. Ngoma za mwamba zilikuwa sasa zinasikika miguuni, kwenye mbao za chombo, na hakuna aliyepumua kwa nguvu asije akakitikisa kifuu. Ikayumba tena, kidogo. Kisha ikatulia, na kaskazini ikawa nyuma yao kabisa. Walikuwa wanaukimbilia mwamba.

Nahodha Shaame aliupindisha usukani kwa mikono yake mwenyewe. Tanga likagonga, chombo kikalalia ubavu, na povu jeupe likaonekana ndani ya mvua, karibu kiasi cha kulirushia kofia. Mwamba ulikwaruza mbao za chini, mlio mmoja mrefu, halafu maji yakawa maji tena. Akina mama walilia kwa sauti. Fundi Mcha aliketi sakafuni na kifuu mapajani, hakuthubutu kumwangalia mtu.

Walifika kisiwani jua likiwa limetoka. Ngoma za kweli zilikuwapo, na ukoo mzima wa bwana harusi umejipanga ufuoni. Mzee alitaka kubaki chomboni mpaka watu waondoke. Nahodha Shaame alimfuata, akaushika ule mkono wenye damu, akaubusu mbele ya watu wa kwao, akasema, "Huyu ndiye baba yangu." Kitasa kilitupwa baharini siku hiyohiyo, na Time ndiye aliyekitupa.

Mkono wa Fundi Mcha haukuacha kutetemeka mpaka alipozikwa. Alirudi Shungwe akaendelea kuunda dira kwa mkono huohuo, na kila sindano iliyopita vidoleni mwake ilichukua mtetemo wake. Wanafunzi wake wakaupokea kutoka kwake, na wanafunzi wao kutoka kwao, mpaka ukaenea kila mahali wafuapo sindano.

Na tangu siku hiyo, sindano ya dira hutetemeka kwanza ndipo ikatulia, na mwenye chuma hukiacha mlangoni kwa fundi. Baharia mwenye akili akifungua sanduku akakuta sindano imetulia tuli, haitikisiki hata ukiligeuza, hulifunga na kurudi pwani, maana sindano hiyo imekufa au inadanganya.

Sasa nipe dira yako, Bwana Hemedi. Kuikaza ni kazi ndogo, naweza kuimaliza kabla kahawa haijapoa, na utaondoka nayo imetulia kama unavyotaka. Ila umeniambia unampeleka binti yako ng'ambo wiki ijayo. Sogea hapa, fungua kifuniko mwenyewe, wala usiwe na haraka. Unaona? Mkono wa mzee yule bado unaogopa kutudanganya.