Mto Ulioridhia Ndoa

Nianze nisianze? Mkinyamaza sianzi. Haya, nimesikia. Basi hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu alisimuliwa tu, palikuwa na mji ukiitwa Kitangani, na mjini palikuwa na binti, Mwanatumu.

Baba yake, Bwana Famau, alimpenda, wajukuu zangu, msije mkamchukia. Alimpenda sana, ila hakumuuliza. Akampa tajiri mmoja wa minazi ahadi ya kumwoza. Mwanatumu alikuwa amemsikia tajiri yule akimfokea mke wake mkubwa mpaka mama wa watu akatetemeka. Akaenda kulia kwa bibi yake, Bi Rukiya. Kwa baba hakuthubutu.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Siku ya harusi bibi harusi hukalishwa kitandani, hufunikwa kanga juu ya kanga, haonekani hata ukucha. Shehe husimama nje ya pazia na baba na mashahidi, akauliza. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mwanamwali aombwe idhini, na kwa kuwa ana haya, kunyamaza kwake ni kukubali. Watu wa Kitangani wakashika kunyamaza, kuomba idhini wakakusahau.

Siku ikafika. Shehe Muhidini akauliza, umeridhia? Kimya. Akauliza tena. Kimya. Somo wa harusi, yaani kungwi wa binti, aliyekaa karibu na pazia, akasema kama makungwi wote walivyosema, "Amenyamaza, shehe. Ameridhia."

Shehe akageuka aende akafunge ndoa. Mnacheka nini? Bado.

Bi Rukiya akafungua pazia. Akaondoa kanga moja, akaondoa nyingine, akaondoa nyingine. Chini yake, wanangu, palikuwa na mto wa sufi. Mto mnene, umekaa kwa adabu zake.

"Huyu ndiye aliyeridhia, shehe," akasema Bi Rukiya. "Muozeshe."

Hakuna aliyecheka. Shehe Muhidini akaketi pale pale kizingitini, mzee wa watu, machozi yakamtoka. Akasema anamwomba Mungu msamaha, maana hajui ameshaozesha mito mingapi. Kisha akaomba binti mwenyewe aitwe.

Mwanatumu akatoka jikoni alikofichwa. Shehe akamuuliza taratibu, akangoja.

"Simtaki, shehe."

Bwana Famau akamtazama mwanawe. Aliona haya, na moyo ulimuuma. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza, baba."

Baba akavua kilemba chake, akamfuta nacho machozi. Kisha akatoka barazani mwenyewe, mbele ya wageni wote, akamwambia tajiri kwamba ndoa hakuna, na pilau watu wajilie.

Tangu siku ile Shehe Muhidini hakuozesha mpaka kwanza akae na binti na bibi yake, azungumze naye, amngoje. Na Mwanatumu alikuja kuolewa na ampendaye. Ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yangu. Mimi nilipoulizwa, nilisema ndiyo mpaka wapishi uani wakasikia. Babu yenu alinitania kwa hilo maisha yake yote, Mungu amrehemu.

Basi wavulana, siku mkiwa baba, ulizeni, kisha mngoje. Na nyinyi wasichana, haki hiyo mlipewa na Mungu, si hisani ya mtu. Itumieni.

Kisa changu kimefika mlangoni, kinavua viatu. Kiingie, kisiingie?

Semeni kwa sauti.